Umekuja na Nani

Elieshi alishuka kutoka Nkoaranga na mkungu wa ndizi mshare za kupika, ingawa hakuna aliyemwagiza ndizi, na mtu aliyekuwa anamwendea alikuwa mwenyewe ni muuza vyakula. Lakini mwanamke wa Meru haendi kwa mtu mikono mitupu, hata siku anapokwenda kuuliza kama mwanawe bado yu hai. Alipoteremka kwenye bodaboda pale Olasiti bega lilikuwa limekufa ganzi, na baridi ya Julai ilikuwa imemfuata kutoka mlimani hadi mjini. Miguuni alivaa viatu vyake vya plastiki vya shambani, na ndani yake soksi nene za kijivu, za kiume, zilizomzidi mguu kiasi kwamba kisigino cha soksi kilikaa juu ya kifundo. Alikuwa peke yake. Waliomfahamu wangeshangaa, kwa sababu miaka yote Elieshi hakuwahi kwenda mjini bila Gerson mumewe, mzee mpole aliyependa kutembea nyuma yake kidogo akibeba mzigo na kusalimia kila aliyepita.

Gerson alikuwa amezikwa Februari, kwenye migomba nyuma ya nyumba. Mtoto wao wa pekee, Diana, aliyekuwa akifanya kazi Japani, alikuwa hajui. Hapo ndipo penye shida yote, na ni vyema ijulikane mapema, maana waliolifanya jambo hilo walilifanya kwa akili timamu na wakaliita huruma.

Shemeji yake Sumari, ambaye sasa ndiye mkubwa wa ukoo, alitoa uamuzi siku ya kuchimba kaburi. Alisema mtoto yuko ugenini, hana ndugu wa kumshika. Akiambiwa kwa simu ataanguka barabarani, au ataacha kazi na mkataba wake haujaisha. Aambiwe akija likizo, akiwa ameketi kati ya watu wake na ameshakula. Ndivyo msiba unavyoelezwa huku. Mtu hapigiwi simu akaambiwa amefiwa. Huambiwa mgonjwa kazidiwa, njoo. Akifika hupewa kiti, hupewa chai, hubembelezwa ale kidogo, huulizwa amekuja na nani, ili awepo wa kumdaka, na hapo ndipo mkubwa mmoja hukohoa na kusema. Wanaume wote waliokuwa wameegemea majembe yao walimuunga mkono Sumari. Mashemeji wana kipaji hicho, cha kuamua mzigo ambao mbebaji wake ni mwingine. Elieshi, ambaye kichwa chake siku ile hakikuwa chake, naye aliitikia.

Basi akaanza kusema uongo. Diana akipiga, baba yuko shambani. Baba kaenda kanisani kwenye kikao cha wazee. Baba kalala, kachoka, tusimwamshe. Aprili kikafika kifurushi kutoka Japani, na ndani yake soksi za sufu za kumkinga Gerson na baridi ya miguu iliyokuwa ikimtesa kila mwaka. Elieshi aliandika kwa kidole chake mwenyewe: Baba amefurahi sana, zimemtosha kabisa. Ule uongo mwingine alisukumwa kuusema. Huu wa soksi aliutunga bila hata kuulizwa, na ndio uliomkaba roho.

Juni, Diana aliomba baba yake arekodi sauti amtumie, hata salamu tu. Elieshi akajibu kwamba baba amekauka koo. Tangu siku hiyo Diana hakupiga tena wala hakupokea simu, na kila ujumbe aliotumiwa uliweka tiki moja ya kijivu ukabaki hivyo hivyo. Asubuhi Elieshi akiamka aliangalia tiki. Akitoka kukamua ng'ombe aliangalia tiki. Jirani yake Tabea alimwambia tiki moja maana yake simu imezimwa, msichana wa kibanda cha vocha akasema maana yake amefungiwa, na yeye mwenyewe moyoni alishajiambia kwamba maana yake ni kufa. Alipomweleza Sumari, Sumari alisema vijana wa siku hizi wana shughuli nyingi, akaomba maji ya kunywa.

Mtu pekee aliyeweza kuulizia Japani kwa Kijapani alikuwa Mama Setsu. Jina lake hasa ni Setsuko. Alikuja zamani kufundisha hesabu kwenye sekondari moja huko Akheri, akapapenda, akabaki, na uzeeni akafungua kiduka Olasiti cha kuuza mochi: madonge meupe, laini, ya mchele wa kwao unaonata, unaopikwa kwa mvuke na kutwangwa ungali wa moto mpaka uvutike, kisha ndani yake yanafungwa maharage mekundu yaliyopondwa na sukari. Wateja wake ni watalii wa Kijapani wanaotoka mbugani kwenda uwanja wa ndege, walioshiba vyakula vya hoteli hadi wakakinai. Watu wa Arusha hununua mara moja, wakaonja, wakacheka. Maharage na sukari ni kitu cha kumsimulia jirani, si cha kurudia.

Diana alikuwa msichana wa duka hilo. Yeye ndiye aliyekuwa akitwanga, na katika kutwanga akajifunza lugha, na Mama Setsu ndiye aliyemtafutia nafasi kwenye nyumba ya kutunza wazee, katika mji aliozaliwa yeye mwenyewe. Siku ya kwanza Diana alipoleta mochi nyumbani, shangazi zake waliitema uani. Gerson alikula zote zilizobaki, akalamba vidole, akauliza kama ugali huu wa harusi Wajapani wanaula hata siku za kazi. Ukoo mzima ulimcheka, naye hakujali. Kila alipokwenda mjini alirudi na mochi kwenye mfuko wa koti.

Elieshi alipofungua geti, Mama Setsu alikuwa uani mbele ya jiko, mikono imejaa unga, na kwenye benchi walikaa mume na mke wa makamo wenye mabegi makubwa ya safari, wanasubiri. Mama Setsu alimpokea ndizi kwa mikono miwili, akainama kidogo kama afanyavyo siku zote, akauliza habari za mlimani, za ng'ombe, za kahawa, kisha akauliza kama Baba Diana hajambo.

"Hajambo," Elieshi alisema. "Yuko shambani."

Lilimtoka lenyewe, ulimi ulikuwa umeshazoea. Alitamani kulirudisha lakini akaogopa. Kama Mama Setsu angejua, Diana naye angejua leo hii, akiwa kazini, akiwa peke yake, kama kweli alikuwa bado wa kujua chochote. Akaliacha neno pale lilipoangukia na kusema lililomleta, kwa kifupi. Mwanangu hapokei simu tangu Juni. Naomba uniulizie kama yupo.

Mama Setsu alikunja uso. Yeye mwenyewe alikuwa hajasikia chochote kwa Diana siku nyingi, akadhani ni kazi. Alifuta mikono, akapiga simu hapo hapo. Elieshi alisimama karibu mno, hata akaisikia pumzi ya mtu wa upande wa pili. Katika maneno yote yale alilishika jina la mwanawe tu, likitajwa na kurudiwa. Aliyepokea, Mama Setsu alieleza baadaye, ni mgeni pale kazini, hayajui majina ya wafanyakazi. Amesema ataulizia, watapiga.

"Hayajui majina?" Elieshi aliuliza.

"Ni nyumba kubwa, Mama Diana. Watapiga."

Nyumba kubwa, na mtu anaweza kupotea humo, asiulizwe na yeyote. Elieshi alitamani kukaa na alitamani kukimbia, na hapakuwa na pa kukimbilia, kwa sababu mahali anapopakimbilia mtu anayetafuta habari za mwanawe Japani ndipo hapo alipokuwa ameshafika.

Wakati huo mchele ulikuwa umeiva. Mama Setsu aliufunua, mvuke ukapanda, akautazama kwa masikitiko. Msichana wake wa sasa, Naipanoi, alikuwa ameenda kwao kwenye tohara ya mdogo wake, na mchele wa mochi haungoji; ukipoa haushikani tena, unakuwa wa kutupa. Wageni nao walikuwa na ndege ya kuwahi. Elieshi aliyaona yote hayo bila kuambiwa. Alivua kanga ya mabegani, akajifunga kiunoni, akanyoosha mkono.

"Nipe," alisema. "Nikikaa bure nitaanguka."

Kinu kilikuwa cha mti wa mringaringa, kipana, kimechongwa na fundi wa Akheri kwa vipimo vya Kijapani, na badala ya mchi palikuwa na nyundo kubwa ya mti. Elieshi ametwanga tangu hajaota meno ya pili, kwa hiyo uzito haukumshinda. Kilichomtisha ni mkono. Nyumbani wanawake wawili wakitwanga pamoja kila mmoja ana mchi wake, na mikono inakaa nje ya kinu. Hapa Mama Setsu alipiga magoti, akalowesha kiganja, na kila nyundo ilipopanda alikiingiza mle ndani kugeuza ule mchele, na nyundo iliposhuka alishakitoa.

"Usiuangalie mkono wangu," alimwambia. "Wewe piga sawasawa. Mimi nitakupisha."

Elieshi akapiga. Mwanzoni aliogopa, kisha mwili ukashika mwendo wake, nyundo chini, mkono ndani, nyundo chini, mkono ndani, na kichwani yakapanda maneno mawili yaliyokataa kumtoka. Yupo. Hayupo. Yupo. Hayupo. Alijaribu kuchelewesha pigo ili liangukie kwenye yupo, akaona upumbavu wake, na hata hivyo akaendelea kufanya hivyo. Jasho lilimtoka katika baridi ile. Mchele ulipoteza punje zake, ukawa kitu kimoja cheupe kinachong'ang'ania nyundo. Wale wageni walisimama kumpiga picha, wakampigia makofi kwa adabu. Kuna picha huko Japani leo ya mama wa Kimeru akitwanga mochi, na anayeitazama hawezi kudhani kwamba mama huyo alikuwa anaomba Mungu kwa kila pigo.

Simu ililia nyundo ikiwa juu na mkono wa Mama Setsu ukiwa ndani. Elieshi aliigeuza nguvu yote pembeni, nyundo ikagonga ukingo wa kinu, kipande cha mti kikaruka. Mama Setsu alinyanyuka, akafuta kiganja, akaenda kuongelea nyuma ya tangi la maji.

Aliongea kwa muda mrefu. Kwanza alitaja jina la Diana kwa sauti ya kushangaa, halafu sauti ikashuka, ikashuka tena, ikawa ya mtu anayebembeleza. Kisha akanyamaza, akawa anasikiliza tu, kichwa kimeinama. Alipomaliza hakugeuka. Alibaki ameutazama ukuta.

Aliporudi hakumtazama Elieshi machoni. Alikata mochi za wageni upesi upesi, akazifunga, akawasindikiza hadi kwenye gari lao, akafunga geti. Akaleta kiti cha mbao kutoka ndani, akakifuta kwa aproni yake.

"Kaa, Mama Diana."

Elieshi alikaa. Chai ikaja, ina maziwa na sukari nyingi. Kikaja kisahani chenye donge moja la mochi ya mikono yake mwenyewe, bado la moto. Mama Setsu alivuta kigoda akakaa karibu na kikombe chake mkononi, magoti yao yakagusana, akamwambia ale kwanza kidogo, ametoka mbali. Elieshi alimega, akatia mdomoni, na kile kitu kilichokuwa kitamu kwa Gerson kilimgandia kooni kikakataa kupanda wala kushuka. Geti limefungwa. Kiti. Chai. Kula kwanza. Yeye mwenyewe alishawafanyia wanawake wangapi hivyo hivyo, jikoni kwake na jikoni kwa wenzake, akiwashikia kikombe huku anajua kinachokuja. Alibakiza jambo moja tu la kusikia.

"Umekuja na nani?" Mama Setsu aliuliza.

Elieshi hakupiga kelele. Aliteremka kutoka kwenye kiti akakaa chini kwenye sakafu ya saruji, akaivuta kanga kutoka kiunoni akajifunika kichwa.

"Nimekuja peke yangu," alisema kutoka ndani ya kanga. "Sina wa kunishika, Mama Setsu. Gerson tulimzika Februari. Sema tu. Huyu naye amekufa lini?"

Kikombe kilianguka, na hakikuwa cha Elieshi. Mama Setsu alipiga magoti kwenye chai iliyomwagika, akamfunua ile kanga, akamshika uso kwa mikono yote miwili kama mtu anayemwosha mtoto.

"Mzima," alisema. "Diana mzima. Mama Diana, nisikilize. Ni yeye aliyepiga. Nimeongea naye sasa hivi."

Alilazimika kulirudia mara nyingi ndipo liingie. Mama Setsu ameishi kwetu hadi nywele zimekuwa nyeupe, anajua kuchagua ndizi za mtori na anajua kumkwepa dalali, lakini hajawahi kufiwa huku, na hakuna aliyewahi kumkalisha kwenye kiti kile. Kile alichokifanya alikifanya kwa kuwa alimwona mama aliyechoka, na kwa kuwa aliyokuwa ameambiwa na Diana yalikuwa mazito kuyasema mbele ya wageni. Swali lenyewe halikuwa lake. Diana ndiye aliyesema: muulize mama amekuja na nani. Hajawahi kwenda mjini bila baba. Kama baba yupo, mpe simu. Kama hayupo, sina la kuongea naye, kwa sababu baba anaumwa na wananificha. Nimeifungia namba ya mama mpaka baba mwenyewe anipigie.

Elieshi alilia, na kilio cha kwanza kilikuwa cha furaha. Mzima. Alilisema neno hilo mara nyingi, akiwa pale pale chini, makamasi yanamtoka, akaishika ile miguu ya Mama Setsu akaibusu. Lakini furaha ile haikukaa. Mtoto alikuwa mzima huko, simu mkononi, anamsubiri baba yake.

Mama Setsu naye macho yalikuwa mekundu. Alimkumbuka Gerson na mifuko yake ya koti. Aliuliza taratibu kama amwambie yeye.

"Hapana," Elieshi alisema. "Wewe utamwambia kwa Kijapani. Asiusikie msiba wa baba yake kwa lugha ya watu."

Alinyanyuka, akajifuta uso, akafunga kanga vizuri kama mtu anayeingia kanisani. Maneno aliyapanga: Mungu alimpenda, hakuteseka, alikutaja. Alikuwa ameyasikia kwa Sumari na yalikuwa tayari mdomoni. Mama Setsu akapiga, akampa simu.

"Shikamoo, Mama," Diana alisema, kwa sauti kavu.

"Marahaba, mwanangu."

"Baba yuko hapo?"

Yale maneno yote yakamkimbia. Alisikia magurudumu ya kigari fulani yakisukumwa huko, na sauti ya mzee wa watu ikiita, na akaiona picha ya mwanawe amesimama kwenye ukumbi mrefu na ndoo na taulo, katikati ya wazee wa wengine, hana shangazi, hana Tabea, hana hata kiti. Akatafuta pa kuanzia, asipapate. Kikamtoka kile ambacho kingemtoka mama yeyote wa Nkoaranga.

"Umeshakula?"

"Mama, nimeomba Baba."

"Kaa kwanza. Tafuta pa kukaa, mwanangu. Hapo ulipo, uko na nani?"

Magurudumu yalisimama. Diana amekulia Nkoaranga. Tangu angali mdogo alitumwa kuwapelekea chai wanawake waliokuwa hawajaambiwa bado, na alijua kinachofuata baada ya swali hilo. Mama Setsu aliisogelea simu kuangalia kama imekatika.

"Lini?" Diana aliuliza.

"Februari."

Ilisikika pumzi ikivutwa na kushikwa. Elieshi alingoja kilio, alingoja matusi, alingoja simu ikatwe. Vyote angevipokea. Sauti iliyokuja ilikuwa ndogo, ya mtoto wa shule.

"Na soksi, Mama? Ulisema zimemtosha."

Elieshi aliitazama miguu yake, vile viatu vya plastiki vyenye tope la mlimani na sufu ya kijivu iliyojikunja juu yake.

"Nimezivaa mimi," alisema. "Zimenizidi."